Somo: Kuvua protini kwa hamira, na kwa nini chambo kijaribiwe kwanza

Wadau, wengi mmeniuliza namna ya kujua protini ipi inashikana na ipi wakati maabara haina mashine ya mamilioni. Mimi hapa Kisumu natumia hamira, kwa mbinu waliyoitoa Stanley Fields na Ok-kyu Song mwaka 1989.

Gal4 ni protini ya hamira inayowasha jini (kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza protini). Ina sehemu mbili: moja hushika DNA, nyingine huwasha. Zitenganishe, jini inazimika. Sasa unga protini yako na ile inayoshika DNA. Hicho ni chambo. Maelfu ya protini nyingine ziunge na ile inayowasha. Hayo ni mawindo. Windo likishika chambo, sehemu mbili zinakaribiana, jini ya HIS3 inawaka na hamira inajitengenezea histidini, asidi amino ambayo bila hiyo haioti. Kwenye pleti isiyo na histidini, inayoota ndiyo yenye habari.

Hatua ya 1: Ingiza chambo kwenye hamira pamoja na plazimidi (pete ndogo ya DNA ya kubebea jini) ya windo iliyo tupu, uoteshe bila histidini. Ikiota, chambo kinajiwasha chenyewe. Niliwahi kuruka hatua hii. Siku ya nne nikafungua inkubeta, harufu ya unga wa mandazi uliolala, pleti zimejaa makoloni kama mchele uliomwagika. Nikampigia mama simu kwa furaha! Karibu yote yalikuwa ya uongo. Miezi miwili ikaenda na maji.

Chambo kikijiwasha kidogo tu, ongeza 3-aminotriazoli, kemikali inayozuia kazi ya HIS3. Anza na milimola 2.5, panda taratibu. Kikizidi, kikate na ujaribu kipande.

Hatua ya 2: Ingiza maktaba ya mawindo (yale maelfu yote kwa pamoja) kwa lithiamu asiteti, PEG (polietilini glaikoli) na DNA ya samoni iliyochemshwa dakika 5 ikatupwa kwenye barafu papo hapo. (Ndiyo, samaki. Kisumu hatukwepi.) Kisha joto la nyuzi 42.

Hatua ya 3: Otesha kwa nyuzi 30, siku 3 hadi 5. Usitegemee joto la chumba. Mchana litakudanganya, usiku litashuka.

Hatua ya 4: Toa plazimidi ya windo, soma mpangilio wa DNA yake, uirudishe kwenye hamira mpya pamoja na chambo. Isipoota tena, itupe. Ikiota, thibitisha kwa kuvuta protini hizo na kingamwili.

MASWALI

Mwanafunzi, Kakamega: Mwalimu, hamira ya dukani haifai?
Jibu: Haifai. Hiyo inajitengenezea histidini yake, itaota hata bila windo. Ya maabara imeondolewa uwezo huo, na Gal4 yake pia.

Mdau, Nakuru: Protini yangu hukaa kwenye utando wa seli. Sipati kitu.
Jibu: Pole. Mchezo huu unachezwa ndani ya kiini, na protini yako haifiki huko. Tumia kipande kilicho nje ya utando, au hamia mbinu ya yubikuitini iliyogawanywa (protini ndogo iliyokatwa vipande viwili, vinavyokutana hapo hapo kwenye utando).

Mdau, Kisumu: Na za malaria?
Jibu: Zinawezekana, ila zinasumbua. DNA ya *Plasmodium falciparum* ina A na T karibu asilimia 80, na hamira huisoma kwa shida. Hata hivyo mwaka 2005 kundi la watafiti, Fields akiwemo, lilichapisha miingiliano 2,846 ya kimelea hicho kwa njia hii hii. Walitumia vipande vya jini. Anza navyo.

Mwanafunzi, Kakamega: Koloni limetokea siku ya kumi, nilichukue?
Jibu: Liache, kaka.