Kifaa kipo ila Linux haikioni? Fuata kamba toka firmware mpaka kwa dreva

Kifaa kikigoma kwenye Linux wengi tunakimbilia kusaka dreva (programu inayoendesha kifaa), unashusha hii, unakompaili ile, mpaka kunakucha. Mimi nilipoteza siku mbili hivyo hivyo kwa kisaa cha DS3231 nilichochomeka kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 3, maana Pi ile haina saa inayotembea ikiwa imezimwa, umeme ukikatika na intaneti haipo basi inaamka na tarehe ya zamani. Dreva ilikuwepo muda wote! Kilichokosekana ni maelezo.

Iko hivi: vifaa vya USB na PCI vinajitambulisha vyenyewe, kerneli (kiini cha Linux) ikiuliza vinajibu. Chipu ya I2C (njia ya waya mbili ya kuunganisha chipu) haiwezi kusema jina lake, kwa hiyo lazima kerneli iambiwe kuna chipu gani na iko anwani gani. Kwenye Pi na bodi nyingi za ARM kazi hiyo inafanywa na devicetree (maelezo ya vifaa vilivyomo kwenye bodi), kwenye laptopu za Intel na AMD ni majedwali ya ACPI yanayotoka kwa BIOS, yaani firmware inayoiamsha kompyuta. Kerneli inasoma maelezo, inaunda kifaa, inakifunga na maelezo yake, halafu ndo inatafuta dreva inayolijua jina lile. Mafundo ni mawili tu, maelezo na kifaa, kisha kifaa na dreva, wewe tafuta lipi limefunguka.

Kwa Pi, weka i2c-tools kisha piga:

i2cdetect -y 1

Ukiona 68, ambayo ndo anwani ya DS3231, chipu inaitika ila hakuna dreva iliyoishika. Ukiona UU imeshashikwa. Ukiona vistari tu rudi kwenye waya zako kwanza. Mimi niliona 68, nikacheki:

ls -l /sys/bus/i2c/devices/1-0068/

Folda hamna kabisa, yaani kerneli haijawahi kuambiwa. Kwenye config.txt, faili la setingi ambalo Pi inalisoma ikiwaka, inatakiwa dtoverlay=i2c-rtc,ds3231, mimi nilikuwa nimeandika ds3213, tarakimu zimepishana na sikuona onyo lolote kwenye skrini. Nilivyorekebisha nikawasha upya, UU hiyo hapo.

Folda ikiwepo, ndani kuna linki ya of_node inayokupeleka kwenye tawi lake la devicetree. Soma jina:

tr '\0' '\n' < /sys/bus/i2c/devices/1-0068/of_node/compatible

Inatoa maxim,ds3231, na hapo herufi moja tu ya jina la chipu ikikosewa dreva inaweza isije. Tumia tr kwa sababu majina yakiwa zaidi ya moja yanatenganishwa na baiti ya sifuri, ukitumia cat peke yake yanagandana. Linki ya driver itakuonyesha rtc-ds1307, usishtuke, dreva moja inabeba ukoo mzima wa chipu hizi. Kama of_node ipo ila driver haipo, sasa ndo uanze kusaka moduli (faili la dreva), au ucheki kama kifaa kinasubiri kingine kiamke kwanza:

sudo cat /sys/kernel/debug/devices_deferred

Laptopu mwendo ni uleule, ila linki inaitwa firmware_node. Chukua betri:

cat /sys/bus/acpi/devices/PNP0C0A:00/path

Inakupa njia yake ndani ya ACPI, inaanza na \_SB_ na mwisho mara nyingi ni BAT0. Faili la status pembeni yake likisema 31 betri imo, likisema 15 nafasi ipo ila betri imechomolewa.

PCI nayo ina lake, kifaa kimeshajitambulisha lakini kerneli bado inakitafutia maelezo ya ACPI, maana mambo mengi ya kulala na kuamka yameandikwa huko, na inalinganisha namba badala ya jina: kifaa cha 00:1f.3 kinaoana na chenye adr (namba ya anwani yake ndani ya ACPI) ya 0x001f0003. Na popote pale kwenye ACPI ukikuta status ni 0, ujue BIOS yenyewe ndo imesema kifaa hakipo au kimezimwa, ingia kwenye setingi za BIOS kabla hujagusa moduli yoyote.