Kiwanja cha makazi kikianza kujengwa gereji

Ukiona kiwanja cha makazi hapa Manispaa ya Tabora kinaanza kujengwa gereji au karakana ya kuchomelea vyuma, toa taarifa msingi ukiwa bado wazi, kwa sababu ni rahisi zaidi kusimamisha mtaro wenye mawe kuliko kubomoa jengo lililokwisha kuezekwa. Andika barua yenye namba ya kiwanja na kitalu, uambatishe picha zenye tarehe, uipitishe kwa mtendaji wa mtaa, kisha uipeleke kwa mkurugenzi wa manispaa, kwani Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 imeipa halmashauri mamlaka ya kusimamia matumizi ya viwanja. Nakala yako, na hili wengi hulisahau, igongwe muhuri wa kupokelewa, maana ukirudi kufuatilia utaulizwa kwanza uliileta lini.