Nyimbo 32, siku 16: jinsi ya kujiandaa kupiga besi kwenye bendi ya kopi

Nimetoka kukaa jioni nne na kijana mmoja aliyeingia bendi yetu ya kopi, yaani inayopiga nyimbo za wengine. Alipewa orodha ya nyimbo 32, na shoo ilikuwa baada ya siku 16. Vidole anavyo, tena vyepesi kuliko vyangu. Kilichomsumbua ni kwamba hakujua wimbo unaelekea wapi. Mpiga solo akikosea noti, watu watadhani ni mbwembwe. Besi ikiingia kwenye kiitikio kabla ya wenzake, bendi nzima inayumba, na hata asiyejua muziki anageuka kutazama jukwaani.

Basi haya ndiyo tuliyoyafanya, kwa mpangilio ule ule.

Hatua ya 1: Chukua kii kwa mwimbaji, usichukue kwenye rekodi

Kabla hujagusa gitaa, mpigie mwimbaji na umuulize kii, yaani noti ambayo wimbo unaegemea, wimbo kwa wimbo: huu unauimba kwenye kii gani? Akijibu "ile ile ya rekodi", muulize tena. Wengi hawajui mpaka wafike kwenye noti ya juu ya kiitikio.

Hatua ya 2: Sikiliza kwa hedifoni, kisha chora ramani

Uzi wa E wa besi ukipigwa wazi unatoa takriban hezi 41 (mitikisiko 41 kwa sekunde). Spika ya simu haifiki huko. Unachosikia kwenye simu ni vivuli vya noti hiyo, hezi 82 na 123, na ubongo unajazia iliyokosekana. Ndiyo maana watu hujifunza mstari wa besi oktava nzima juu ya ulipo, au hawausikii kabisa. Vaa hedifoni.

Pale besi inapojificha nyuma ya vyombo vingine, mimi hufungua wimbo kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, na kuupandisha nusu-toni 12, yaani oktava nzima. Waimbaji watalia kama panya, lakini besi itatoka mafichoni na utaisikia noti kwa noti. Zipo pia programu za kutenganisha vyombo. Zinasaidia, ila mara nyingi mkia wa dramu kubwa hubaki umeng'ang'ania noti za besi, ukadhani mpigaji aliishikilia noti kumbe aliikata.

Sasa ramani. Karatasi moja kwa kila wimbo, kwa penseli. Sipendi simu jukwaani: inazima, inang'aa usoni, inaletewa ujumbe katikati ya ubeti. Andika sehemu na idadi ya vipimo (makundi ya mapigo, mara nyingi manne manne): utangulizi 4, ubeti 16, kiitikio 8, ubeti 16, kiitikio 8 mara mbili, mwisho. Zungushia duara pale wimbo unapovunja mazoea, kwa mfano ubeti wa pili ukiwa na vipimo 14 badala ya 16. Hapo ndipo ajali hutokea, na duara hilo lina faida kuliko noti zote ulizoandika.

Kodi (noti zinazopigwa pamoja) usiziandike kwa herufi. Ziandike kwa namba za ngazi, ukihesabu kutoka noti ya kii: 1, 4, 5, 6 maina (minor). Wimbo ulio kwenye A wenye mzunguko wa A, F# maina, D, E unakuwa 1, 6m, 4, 5. Mwimbaji akiamka na mafua na kuomba G, karatasi yako haibadiliki: unapiga G, E maina, C, D na maisha yanaendelea. Aliyeandika herufi anaanza kufuta.

Hatua ya 3: Kii iliyoshushwa, na rekodi isiyo kwenye kii yoyote

Hatua hii nitairefusha, kwa sababu iliwahi kunila usiku mzima.

Nilikuwa najifunza wimbo wa zamani. Tyuna (kifaa cha kupimia noti) inasema gitaa liko sawa, lakini kila noti niliyopiga ilichubua na rekodi. Freti (chuma kilichovuka shingo ya gitaa) ya 5 chini mno, ya 6 juu mno. Nikaamua besi yangu imeharibika. Nikachukua bisibisi nikaanza kusogeza vidaraja vya nyuzi, uzi mmoja baada ya mwingine, mpaka saa nane za usiku. Asubuhi rekodi bado ilikuwa inachubua, na sasa besi haikuwa sawa hata ikipigwa peke yake.

Ubovu ulikuwa kwenye rekodi. Rekodi nyingi za enzi za tepu ziliharakishwa au kupunguzwa mwendo kidogo, kwa makusudi au kwa mashine isiyo sawa, na kii ikaangukia katikati ya noti mbili. Kwa hiyo jaribu hivi kwanza: acha rekodi ishike noti moja ndefu, geuza kitufe cha uzi mmoja mpaka ulingane nayo kwa sikio, kisha tazama tyuna inasomaje. Ikisema umepanda senti 40 (nusu-toni moja ina senti 100), basi rekodi ndiyo iliyopanda senti 40. Rudisha uzi ulipokuwa, nenda Audacity, ishushe rekodi nusu-toni 0.40, ujifunzie hapo. Usitune gitaa lifuate rekodi, kwa sababu kesho mpiga kinanda hatakufuata.

Na kama kweli unataka kujua besi yako iko sawa, linganisha mlio mwepesi wa kugusa uzi juu ya freti ya 12 na noti ya kubonyeza freti hiyo hiyo. Noti ya kubonyeza ikiwa juu, kidaraja cha uzi huo kirudi nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kije mbele. Fanya hivyo ukiwa na nyuzi mpya, na usifanye wiki ya shoo.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi kwa mpiga besi kuliko kwa yeyote mwingine kwenye bendi. Wimbo ulikuwa kwenye E, mwimbaji anautaka kwenye D. Mpiga gitaa la rizimu anasogeza mkono tu. Wewe ulikuwa na E nzito ya uzi wazi, na D ya chini yake haipo kwenye gitaa la nyuzi nne. Kuna njia nne.

Ya kwanza ni kupiga D ya juu, freti ya 5 ya uzi wa A. Ni rahisi, na kwenye ubeti haidhuru. Kwenye kiitikio utasikia sakafu imeondolewa.

Ya pili ni kulegeza uzi wa E peke yake hadi D. Hii ndiyo ninayoipenda. Tahadhari: kila kitu kwenye uzi huo kimehama freti mbili. G uliyozoea kuikuta freti ya 3 sasa iko ya 5, na mkono hauna habari. Kijana wangu alipiga F kwa nguvu zote mahali pa G, mara tatu, huku akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekosea. "Kaka, uzi huu una nini?" Uzi hauna kosa. Ufanyie mazoezi siku tatu mfululizo ukiwa umelegezwa, siyo mara moja kabla ya shoo.

Ya tatu ni kushusha nyuzi zote. Inafaa tu kama bendi nzima imeshusha, maana nyuzi zilizolegea zinagonga freti na kuvuma, na usiku mmoja hautoshi kuzoea.

Ya nne ni besi ya nyuzi tano, yenye B ya takriban hezi 31. Kama unayo, ruka aya tatu zilizopita. Mimi sinunui gitaa zima kwa ajili ya nyimbo tatu.

Ukichagua ya pili, mwombe anayepanga orodha aziweke nyimbo za uzi uliolegezwa pamoja, moja baada ya nyingine, baada ya mapumziko. Kutuni kati ya kila wimbo kunaua shangwe.

Hatua ya 4: Kaa na mpiga drams

Nyinyi wawili tu, saa moja, bila magitaa mengine. Sikiliza mguu wake. Kubalianeni wapi noti yako inaanza na dramu kubwa, na muhimu zaidi, wapi inakatika. Noti iliyoachwa ikatambaa juu ya snea (dramu ndogo yenye mlio mkali) inaufanya wimbo uonekane mzito hata kama mwendo ni sahihi.

Hatua ya 5: Vifaa

Besi, waya mbili, tyuna, betri ya akiba. Pedali acha nyumbani. Nyuzi zangu ni za waya bapa, kama alizotumia mpiga besi James Jamerson kwenye rekodi za kampuni ya Motown, naye alichuna kwa kidole kimoja tu cha shahada. Kama unatumia spika mbili za omu 8, kumbuka zikiungwa sambamba zinakuwa omu 4. Soma nyuma ya amplifaya kama inaruhusu.

Hatua ya 6: Kujaribu mitambo

Wimbi la E ya chini lina urefu wa zaidi ya mita 8, kwa hiyo unachosikia ukiwa mbele ya spika yako sicho kinachofika ukumbini. Chukua waya mrefu, shuka, piga ukiwa umesimama watakaposimama watu. Sauti ikivimba, sogeza spika itoke kwenye kona kabla hujagusa vitufe.

Mitambo ikivuma, mwambie fundi mitambo akate ethi (waya wa ardhini) kwenye kisanduku cha DI, kile kinachopeleka sauti ya gitaa kwenye mitambo; kuna kitufe chake. Usikate wala kuziba pini ya ethi kwenye plagi ya umeme, hata fundi akisema anafanya hivyo siku zote. Mpiga gitaa Leslie Harvey wa Stone the Crows alikufa jukwaani mwaka 1972 kwa kushika maikrofoni isiyo na ethi.

Hatua ya 7: Jukwaani

Ukipotea, usitafute noti. Nyamaza mapigo mawili, tazama mkono wa kushoto wa mpiga rizimu, rudi kwenye pigo la 1 la kipimo kinachofuata. Mwimbaji akirudia kiitikio ambacho hakimo kwenye ramani, mfuate yeye, karatasi iache.

Mapumziko yakifika, chomoa waya kwenye gitaa lenyewe. Kwenye besi zenye betri, plagi iliyochomekwa ndiyo swichi: ukiiacha, betri inaliwa hata kama amplifaya imezimwa, na nusu ya pili utasikia sauti inakwaruza bila kujua kwa nini.