Jinsi ya kumwandalia mzazi hati ya uwakala wa matibabu Uingereza

Mwongozo huu ni wa England na Wales. Scotland ina sheria yake. Nimeuandika baada ya kumsaidia shangazi kujaza fomu LP1H, ambayo humpa mtu unayemwamini mamlaka ya kuamua matibabu yako ikiwa mwenyewe huwezi tena kuamua.

1. Zungumzeni. Wazee wetu wengi huona habari hizi ni uchuro. Usianze na kifo. Muulize angependa daktari amsikilize nani.

2. Chagueni mawakala. Wawili wanatosha. Wapeni ruhusa ya kuamua pamoja au kila mmoja peke yake. Mkiandika lazima waamue pamoja, mmoja akifariki hati nzima inakufa, labda kama mliweka wakala wa akiba.

3. Jazeni kwenye tovuti ya GOV.UK, kisha mchapishe. Kujaza kwa mkono ni kujitafutia balaa.

4. Kusaini. Hapa msiwe na haraka, maana anayetangulia kusaini ana maana kubwa kuliko mwandiko.

Anaanza mwenye hati, yaani mzee mwenyewe, sehemu ya 5: je, mawakala waweze kukubali au kukataa matibabu ya kumweka hai? Asaini chaguo A (waweze) au B (wasiweze), si yote mawili, na asiliruke swali hili akadhani atalirudia. Ndipo asaini sehemu ya 9. Kote huko shahidi awepo ana kwa ana, si kwa video, na asiwe wakala.

Anafuata mthibitishaji, sehemu ya 10. Huyu ndiye husumbua familia zetu, kwa sababu ndugu haruhusiwi, wala mkwe. Awe amemfahamu mzee kwa miaka 2 au zaidi, au awe mtaalamu kama daktari au wakili. Jirani wa siku nyingi anafaa kabisa. Aongee na mzee faragha, mawakala wakiwa nje, ajiridhishe kwamba anaelewa na hajashurutishwa.

Mawakala husaini baada yake, sehemu ya 11, kila mmoja na shahidi. Si lazima iwe siku moja, ila tarehe zisirudi nyuma; zikirudi, fomu inaweza kukataliwa.

5. Sajilini kwa Office of the Public Guardian, ofisi ya serikali inayosajili hati hizi. Bila usajili hati haitumiki. GP (daktari wake wa kawaida) apewe nakala.

Kama mzee alishaandika hati ya kukataa matibabu fulani, angalieni tarehe: uwakala wa baadaye unaogusa matibabu yaleyale huitangua.