Somo: Siku ya dawa za minyoo shuleni, kuanzia uji hadi korongoni

Mimi ni mwalimu wa afya, shule ya msingi nje kidogo ya Dodoma mjini. Dawa zikija watoto wanameza vizuri tu, kisha kengele ya mwisho ikilia wanatimkia korongoni pekupeku. Dawa imeua minyoo ya tumboni. Mayai ya kwenye udongo hayajaguswa.

Kwanza, mtoto ashibe. Siku ya dawa ya kichocho uji ni lazima. Akimeza na njaa atapata kizunguzungu, atatapika, na mwenzake akimwona naye anatapika. Niliwahi kupoteza foleni nzima ya darasa la tatu kwa mtoto mmoja.

Pili, vidonge. Albendazo ya minyoo ni kimoja cha miligramu 400, nacho kitafunwe, wadogo wasije wakapaliwa. Prazikwanteli ya kichocho huhesabiwa kwa urefu, ndiyo kazi ya ile fimbo yenye mistari. Mwenye homa asubiri. Mwenye kifafa asipewe prazikwanteli mpaka daktari amwone: panapofugwa nguruwe wa kuzurura, huenda ana mayai ya mnyoo tegu yaliyogeuka vifuko kichwani.

Tatu ndipo penye kazi. Minyoo ya safura hupenya ngozi ya unyayo, kwa hiyo mtoto avae kiatu, yeboyebo au katambuga, chochote. Mnyoo wa mchango huingia kwa mdomo. Nasi Wadodoma mlenda hatuuli kwa kijiko. Vidole vinazama na vyote vilivyo chini ya kucha. Kwa hiyo Ijumaa ni kukagua kucha, na mlangoni mwa choo tumefunga kibuyu chirizi: dumu la lita tano, tundu, kamba, kijiti cha kukanyaga. Sabuni iko ndani ya soksi iliyofungwa kamba. Ile ya kwanza, isiyofungwa, ilidumu siku moja.

Maswali

*Mzazi, Chamwino:* Shikamoo mwalimu. Mwanangu kesho yake alitoa mnyoo mrefu, mzima. Dawa imemdhuru?

Marahaba mama. Hapana, ndiyo imefanya kazi. Mchango hufika hata sentimita 30, lazima ukutishe. Ila tumbo likijaa, likiuma na hapati choo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

*Mwanachama:* Kwetu wanasema minyoo inaletwa na sukari, na dalili yake ni kusaga meno usiku.

Sukari haitagi mayai, kaka. Wengi husaga meno na hawana mnyoo hata mmoja. Pima choo.

*Mzazi, Bahi:* Watoto wetu wanashinda majarubani. Viatu vitatosha?

Kwa safura vinasaidia sana. Kichocho ni habari nyingine: vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya popote ngozi inapolowa. Akikojoa damu, kituo cha afya. Maji ya kuoga yachujeni konokono, yakae kwenye pipa siku mbili bila kuongezwa mengine. Vimelea hufa vyenyewe.