Kabla ya kupanda Rwenzori mkiwa wawili: mambo ya kuzingatia

Theluji ya kuifuata kwa miguu tunayo hapahapa Uganda. Juu ya Kasese, mpakani na Kongo, kilele cha Margherita katika milima ya Rwenzori kinafika mita 5,109, na mlima wake, Stanley, ni wa tatu kwa urefu barani Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Ila inakwisha. Mwaka 1906, mwanamfalme wa Kiitaliano Luigi Amedeo alipofika kileleni na wenzake, barafu ya Rwenzori ilitanda zaidi ya kilomita za mraba sita. Leo haifiki hata moja. Mwaka 2022 Unesco ilitahadharisha kwamba barafu iliyobaki Afrika huenda ikatoweka ifikapo 2050. Nawaelewa kabisa wenzi wanaotaka kuiwahi. Ninachowaomba ni kwamba haraka hiyo isiwapandishe mlimani mkiwa hamjajipanga, hasa kwa lile jambo lisilouzwa dukani: makubaliano yenu wawili kuhusu kurudi nyuma.

Kwanza tumalize swali la skii, maana wengi huliuliza. Rwenzori si mahali pa kuteleza. Vipande vya barafu vilivyobaki ni vidogo, vimeinama sana, vina nyufa zinazoweza kummeza mtu, na hakuna lifti ya kuwapandisha. Anayetaka skii aende Lesotho, kwenye kituo cha Afriski kilicho juu ya mita 3,000, ambako msimu ni Juni hadi Agosti, au Oukaïmeden nchini Moroko, milimani juu ya Marrakech, wakati wa baridi yao. Vifaa hukodishwa palepale, kwa hiyo pesa zenu ziwekeni kwa mwalimu wa siku za kwanza. Mume asijifanye mwalimu wa mkewe, wala mke wa mumewe. Mafunzo ya namna hiyo huishia kwenye ugomvi au goti lililoteguka. Kwa Lesotho, ulizeni mapema masharti ya viza ya Afrika Kusini, kwa kuwa wasafiri wengi hupitia huko.

Sasa Rwenzori. Miezi yenye unafuu ni miwili mitatu kuanzia mwisho wa Desemba, kisha katikati ya Juni hadi Agosti. Nasema unafuu kwa sababu mvua huko haina likizo. Hata Januari mtanyeshewa. Kwa wenzi wanaobanwa na kazi Kampala, wiki zinazofuata Krismasi ndizo zinazowezekana, lakini hesabuni vizuri. Kufika Margherita na kurudi, mkianzia Nyakalengija au Kilembe, huchukua siku saba hivi, na hapo sijahesabu barabara ya kwenda na kurudi Kasese. Msikubali ratiba iliyobanwa ili tu iingie kwenye ruhusa ya kazini. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne muwe na siku ya mapumziko. Chukueni karatasi, andikeni mwinuko wa kila kambi kwenye ratiba mliyopewa, kisha toeni hesabu. Mtaona kuna siku zinazoruka zaidi ya hapo, kwa sababu kambi zimejengwa pale ardhi iliporuhusu. Dawa yake ni kununua usiku mmoja wa ziada njiani kabla ya kambi ya Elena, iliyo kwenye mita 4,540 hivi. Kama bajeti inaruhusu anasa moja tu, iwe hiyo.

Miili yenu ipimwe kabla hamjalipa hata shilingi ya kwanza. Wengi hufikiria mapafu na magoti, wakasahau damu. Hapa kwetu watu wengi wamerithi kinasaba kimoja cha selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, bila kujua, kwa sababu hawaugui na maisha ya kawaida hayawasumbui. Kwenye mwinuko mkubwa hewa ya oksijeni hupungua, na imeshatokea mtu wa namna hiyo akapata maumivu makali chini ya mbavu za kushoto kwa sababu bandama imekosa damu. Kipimo ni rahisi na hospitali nyingi wanacho. Mwenye kinasaba kimoja azungumze na daktari kabla ya kuamua, na awaambie waongozaji. Mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu asipande. Kwa wenzi kipimo hiki kina faida ya pili, maana matokeo yenu wawili yakiwekwa pamoja yanawaambia jambo muhimu kuhusu watoto mtakaowazaa.

Mke akiwa mjamzito, ahirisheni. Akiwa hana uhakika, apime wiki ya kuondoka. Mwenye presha, pumu au tatizo la moyo aende na barua ya daktari wake. Muulizeni daktari huyohuyo kuhusu acetazolamide, dawa inayousaidia mwili kuzoea mwinuko. Hutumika kwa maagizo tu, humfanya mtu akojoe sana na kuhisi ganzi kwenye vidole, na mwenye mzio wa dawa za salfa lazima aseme. Ijaribuni nyumbani kwanza. Bebeni pia vipimo vya malaria na dawa mseto. Mbu wa kambi za juu si tatizo, ila malaria mliyoambukizwa Kampala au Kasese inaweza kuwalipukia siku ya tano mkiwa kwenye barafu, na dalili zake za mwanzo, kichwa kuuma, kichefuchefu na uchovu, zinafanana sana na ugonjwa wa mwinuko.

Hapo ndipo makubaliano yenu yanapohitajika. Yafanyeni mezani nyumbani, mkiwa mmeshiba na mna joto, kwa sababu saa tisa usiku mita 4,500 juu hakuna anayefikiri sawasawa. La kwanza: yeyote kati yenu akisema "turudi", mnarudi, bila kudaiwa sababu na bila kukumbushwa gharama wiki mbili baadaye. La pili: kila jioni kila mmoja amuulize mwenzake kama kichwa kinauma, kama amekula, kama amekojoa, kama alilala, na majibu yawe ya kweli. Wanaume wengi huficha maumivu ya kichwa mbele ya wake zao, na wapo wanawake wanaoyaficha ili wasiharibu safari ya mume. Hali zote mbili ni za hatari. La tatu: anayeumwa kichwa na kutapika hapandi tena mpaka apone, na asipopona anashuka. Anayehema akiwa amekaa, anayekohoa makohozi yenye povu, anayeyumba au kuongea ovyo, huyo anashushwa saa hiyohiyo, hata iwe usiku, na mwenzake anashuka naye.

Kwenye kutambua dalili hizi wenzi wana nafasi ambayo mwongozaji hana. Yeye amewajua siku tatu. Wewe unajua mumeo anavyoongea akichoka, unajua mkeo akinyamaza kuna nini. Mtu mcheshi akianza kujibu kwa neno mojamoja, au akishindwa kufunga zipu aliyoifunga jana bila shida, mwambie asimame na atembee hatua kumi akiweka kisigino mbele ya kidole cha mguu wa nyuma. Akiyumba, mjadala umekwisha.

Lipo la nne, nalo huwakwaza wengi: mmoja akichoka miguu tu, bila ugonjwa, je, mwingine aendelee hadi kileleni? Mimi naona ni sawa, mradi wote wawili mlisema hivyo tangu nyumbani, na mradi wapo waongozaji wawili, mmoja abaki na aliyechoka. Ombeni waongozaji wawili hata kama mpo wawili tu.

Nguo. Adui mkubwa wa Rwenzori ni kulowa, kuliko baridi yenyewe, kwa hiyo suruali za jinzi na fulana za pamba zibaki nyumbani. Pamba ikilowa haikauki tena huko na inanyonya joto mwilini. Mnahitaji nguo za ndani za sufu au poliesta, sweta laini linalokauka upesi, koti nene la manyoya ya bata au la kufanana nalo, na juu yake koti na suruali za mvua. Soko la Owino jijini Kampala lina karibu vyote hivi kwenye mitumba ya nchi za baridi, ila nendeni asubuhi, na mkague. Geuza koti la mvua ndani nje. Kwenye mishono utaona utepe mwembamba uliobandikwa kuzuia maji. Ukibanduka kwa kucha, liache. Kisha dondoshea maji begani, mahali kamba za begi zinaposugua. Yakibiringika, vizuri. Yakinywewa na kitambaa, koti hilo limechoka.

Viatu vya mlimani vya mitumba vinahitaji macho zaidi. Sehemu laini ya soli, iliyo kati ya ngozi na mpira wa chini, huoza kwa unyevu hata kama kiatu kimekaa kabatini miaka mingi, na kwa juu kinaonekana kipya. Kikunje kwa nguvu, bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba. Ukiona nyufa, au ungaunga umebaki kidoleni, kirudishe. Kiatu cha namna hiyo hufumuka siku ya pili, na huko juu hakuna fundi. Kwa barafu yenyewe afadhali mkodishe viatu vigumu kwa kampuni inayowapandisha, ili meno ya chuma yanayofungwa chini yake yakae imara. Yajaribuni siku mtakayokodi, kabla ya kuondoka mjini, pamoja na mkanda wa kiunoni na kamba. Kila mmoja ajifunze kujifunga mwenyewe akiwa amevaa glavu.

Sehemu kubwa ya safari lakini mtakuwa kwenye gambuti. Kinamasi cha Bigo kinaweza kukufika magotini, na gambuti ndiyo inayovaliwa na wapagazi wenyewe. Nunueni iliyozidi saizi yenu kidogo, ivaeni na soksi nene, mtembee nayo kwenye vilima vya mtaani kwa wiki kadhaa mpaka mjue inapochubua. Kateni kucha za miguu siku mbili kabla.

Kila mmoja awe na seti kavu ya kulalia isiyoguswa mchana hata iweje. Asubuhi mtavaa tena nguo mbichi za jana, na itauma, lakini ndivyo mtakavyobaki na kitu kikavu usiku. Fungeni kila kitu kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, nene ndani ya begi. Pia changanyeni mizigo: seti moja ya joto ya mke iwe kwenye begi la mume, na ya mume kwenye la mke, ili begi moja likitumbukia mtoni wote wawili bado mna la kuvaa.

Vitu vidogo nitavipitia haraka. Taa za kichwani mbili na betri za akiba, kwa kuwa kileleni mnaanza kwenda usiku. Simu na betri zake zilale ndani ya mfuko wa kulalia, baridi huzimaliza. Miwani ya jua inayofunika pembeni na mafuta ya kukinga jua ni kwa ngozi nyeusi pia. Mng'ao wa theluji huunguza macho na midomo ya kila mtu. Pedi zibebwe hata kama tarehe haijafika, mwinuko unaweza kuvuruga mzunguko. Hamu ya kula itapotea, kwa hiyo bebeni mnachokipenda kweli: karanga, tangawizi ya chai, sukari, biskuti.

Mlima huu ni hifadhi ya taifa tangu 1991, na hampandi bila mwongozaji na kibali. Bebeni vitambulisho vya taifa, maana raia wa Afrika Mashariki wana viwango vyao vya malipo. Ulizeni ofisi ya hifadhi habari za usalama wa mpakani na za njia wiki hiyo. Mto Nyamwamba ulifurika vibaya Mei 2013 na Mei 2020, na Kilembe inaukumbuka. Tengeni kando asante ya wapagazi na waongozaji, ya kila mtu kwenye bahasha yake. Wengi wao ni Wakonzo, na kwao theluji hiyo ni makao ya Kithasamba, mungu wa jadi yao. Wakiwaomba msipige kelele au msitupe kitu mahali fulani, fuateni.

Helikopta msiitegemee, kwa ukungu ule. Aliyeumia hubebwa kwa machela mabegani mwa watu, na safari hiyo yaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Ulizeni kampuni: machela iko kambi gani, oksijeni iko kambi gani, nani ana redio. Wasipojibu bila kubabaika, tafuteni wengine.

Mwisho, mwachieni ndugu mmoja nyumbani karatasi yenye njia mtakayopita, jina la kampuni, namba ya ofisi ya hifadhi, makundi yenu ya damu, dawa mnazotumia na siku mtakayoshuka. Mwambieni mtandao huko hupatikana mahali pachache, hivyo asishtuke simu zisipoingia siku ya pili. Asubiri hadi jioni ya siku mliyoandika. Giza likiingia hajasikia neno, aanze kupiga ofisi ya hifadhi.