Namna ya Kuagiza Kisu kwa Mhunzi wa Japani Ukiwa Kampala

Nunua kinoo kwanza. Najua umekuja kutafuta kisu, lakini kila anayeniuliza nilikopata changu namjibu hivyo, na wengi hukunja uso. Kisu kilichofuliwa kwa mkono Japani hupoteza makali kama kisu kingine chochote kikikutana na gunia la vitunguu. Tofauti ni kwamba makali yake hurudi vizuri ajabu, ila hurudi kwenye jiwe la maji tu, yaani kinoo kinacholoweshwa, si kwa yule kijana wa baiskeli anayepita mtaani na gurudumu lake la cheche. Joto la gurudumu lile hulegeza pua, yaani chuma kigumu cha kisu, pale pale ukingoni ilipokazwa, na hapo kisu cha laki tano kimekuwa cha elfu kumi. Kinoo cha namba 1000 kinatosha kuanzia (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi). Cha 3000 au 6000 utaongeza ukizoea. Fanyia mazoezi visu ulivyo navyo. Ukiona kazi yenyewe inakuchosha, acha hapo, na pesa yako umeiokoa.

Mimi ni mpishi wa shughuli: harusi, kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi), matanga. Nyumbani ni Arua, ila jiko langu liko Kampala, na siku nyingi mikono yangu iko kwenye vitunguu, kabichi na minofu ya sangara. Visu vyangu vya Japani niliagiza kwa barua pepe kwa watu waliovitengeneza. Kimoja tu kilichukuliwa kwa mkono na mdogo wangu anayesoma Nagoya.

Fundi mwenyewe ni nani?

Watu husema "nunua kwa fundi mwenyewe" kana kwamba kila kisu kina mzee mmoja aliyekaa nacho tangu motoni hadi kwenye mpini. Pengine ni kweli, pengine sivyo. Sakai, mji ulio kusini mwa jiji la Osaka, kazi wameigawana: mmoja anafua, mwingine anatia makali, wa tatu anafunga mpini, na jina lililochongwa kwenye bapa mara nyingi ni la nyumba ya biashara iliyowaunganisha wote. Huo si ujanja. Ndivyo mji ule ulivyofanya kazi tangu enzi za visu vya kukatia tumbaku, na mnoaji wa Sakai ni bingwa kwa sababu maisha yake yote hagusi kazi nyingine. Ila ujue kwamba ukiandikia Sakai, anayekujibu huenda hajawahi kushika nyundo. Muulize kisu kilifuliwa na nani na kilinolewa na nani. Asipotaja jina, usimhukumu haraka, maana wapo mafundi wasiopenda kutangazwa. Lakini asipojua kabisa, tafuta kwingine.

Ukitaka kuongea na mtu mwenye masizi mikononi, nakushauri Echizen katika mkoa wa Fukui, Sanjo katika mkoa wa Niigata, au Tosa katika mkoa wa Kochi. Huko karakana nyingi ni ndogo, za familia, na aliyefua mara nyingi ndiye anayenoa, au mwanawe. Echizen wanahesabu miaka 700 ya uhunzi, na mwaka 1979 serikali ya Japani iliutambua rasmi kuwa sanaa ya jadi. Pana mahali panaitwa Takefu Knife Village: wahunzi kadhaa, kila mmoja na jina lake, wanatumia jengo moja. Mgeni anapita juu akitazama nyundo zikipiga chini, kisha anaingia dukani kununua. Tangu Machi 2024 treni ya kasi ina kituo kinachoitwa Echizen-Takefu. Mdogo wangu alitokea Nagoya akabadilisha Tsuruga. Seki, mkoani Gifu, ni jina kubwa pia, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni ya viwandani. Visu vizuri, sina ugomvi navyo. Ila kama unalipia mkono wa mtu, huko uliza mara mbili.

Pua na umbo

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Utakutana na majina Shirogami na Aogami. Zote mbili ni pua za kaboni. Shirogami ni rahisi kuielewa: chuma, na kaboni inayopita kidogo asilimia 1, basi. Hunoleka upesi na kutoa makali ya ajabu, na hushika kutu upesi vilevile. Aogami imeongezwa kromiamu na tangsteni, hudumu na makali zaidi, na kwenye kinoo inakudai subira. Nayo hushika kutu. Kisha iko VG-10, yenye kromiamu karibu asilimia 15, ambayo huvumilia maji na usahaulifu wa wasaidizi wa jikoni.

Sasa fikiria jiko letu. Utomvu wa ndizi mbichi una tanini, na tanini ikigusa pua ya kaboni huiweusisha papo hapo, na matoke yenyewe yanapata madoa. Kwa hiyo matoke endelea kumenya na kile kisu chako kidogo cha siku zote. Hakuna Mjapani atakayekushinda kwa kile. Kwa kazi nyingine, ninachopendekeza kwa mtu anayeanza ni kisu chenye kaboni katikati na pande mbili zilizovikwa chuma kisichoshika kutu. Unapata makali ya kaboni, na unachohitaji kukilinda ni ule mstari mwembamba wa ukingoni tu. Kwetu karibu na ziwa, ambako hata chumvi haikai kavu, hilo si jambo dogo.

Umbo: kama unakata mboga tu, chukua kisu kiitwacho nakiri. Kama unataka kisu kimoja cha kila kitu, santoku ya milimita 165 hadi 180. Gyuto, kisu kirefu cha mpishi, ya milimita 210 ni kwa mwenye meza pana. Deba ni kisu kinene cha samaki, na kwa kichwa cha sato kinafaa sana, lakini kimenolewa upande mmoja, hivyo ukitumia mkono wa kushoto lazima useme, na utalipa zaidi. Visu vinavyong'aa mawimbi kama maji hupendeza kwenye picha. Mawimbi hayo hayakati kitunguu.

Wengine huniuliza kwa nini nisiende Katwe, kwa mafundi wa chuma wa hapa Kampala. Naenda! Kisu changu cha mifupa ya mbuzi kimetoka Katwe, kimefuliwa kwa springi ya lori, na ningekitetea mbele ya mtu yeyote. Pua ya springi ina kaboni kidogo zaidi, ni laini zaidi, kwa hiyo ikigonga mfupa hujikunja badala ya kumeguka. Kisu cha Japani ni kigumu na chembamba. Kipe mfupa au samaki wa friza, ukingo unameguka vipande. Pia hakitaki ile tabia yetu ya kukatia mboga za majani, dodo na nakati, kiganjani juu ya sufuria. Tafuta ubao wa mti. Kwa kiganja, kisu hiki hakina msamaha.

Barua

Usiandike "nataka kisu kizuri". Eleza kazi yako, fundi atachagua. Andika kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi, kila moja na jambo lake, kwa sababu huenda akazipitisha kwenye programu ya kutafsiri, na sentensi ndefu hutoka upande wa pili zimevunjika. Yangu ilikuwa na mambo haya:

"Mimi ni mpishi Kampala, Uganda. Natumia mkono wa kulia. Nakata vitunguu, kabichi na minofu ya samaki kwa saa nyingi. Sikati mifupa. Nakatia kwenye ubao wa mti. Nanoa mwenyewe kwa jiwe la 1000. Naomba santoku ya milimita 180, kaboni katikati, pande zisizoshika kutu. Bajeti ni yeni 25,000 bila usafirishaji. Je, mnatuma Uganda? Nitasubiri miezi mingapi?"

Ile sentensi ya kunoa usiiache. Fundi akijua unanoa mwenyewe, anakuwa na ujasiri wa kukupa makali membamba zaidi. Na akikwambia umbo ulilochagua halikufai, msikilize.

Japani iko mbele yetu kwa saa sita, kwa hiyo barua ya saa mbili asubuhi inamkuta saa nane mchana. Usitegemee jibu mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei, katikati ya Agosti, wala Mwaka Mpya. Hizo ni likizo zao. Karakana ndogo inaweza kukwambia usubiri miezi. Kama huwezi kusubiri, uliza kilichopo tayari rafuni. Wengi pia huchonga jina lako kwenye bapa ukiomba. Chonga. Kwenye jiko la watu kumi, kisu kisicho na jina ni cha kila mtu.

Pesa na njia

Kisu cha kufuliwa kwa mkono, cha kazi, bila mapambo, mara nyingi utakipata kati ya yeni 15,000 na 30,000. Yeni 20,000 ni karibu nusu milioni ya shilingi zetu, lakini kokotoa kwa bei ya siku hiyo. Japani wana kodi ya mauzo ya asilimia 10, ambayo haitozwi kwenye bidhaa inayotumwa nje. Hakikisha bei uliyopewa haina kodi hiyo. Malipo mara nyingi ni kwa kadi ya Visa au Mastercard. Zungumza na benki yako mapema ifungue malipo ya nje na ikuambie kikomo chako.

Uliza kama wanatuma kwa EMS ya posta au kwa kampuni ya vifurushi. EMS huwa nafuu zaidi, na namba yake ya kufuatilia huishia na JP; kampuni ya vifurushi hukuletea mlangoni na kushughulikia forodha kwa malipo. Kwa vyovyote, weka namba ya simu yenye +256, maana sanduku la posta halipokei simu.

Forodha wanahesabu kodi juu ya thamani ya kisu: kwanza ushuru wa kuingiza, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya thamani hiyo pamoja na ushuru, na tozo ndogondogo. Visu viko chini ya kifungu 8211 cha orodha ya forodha, ukitaka kumuuliza wakala kiwango cha sasa. Muombe fundi aandike "kisu cha jikoni" na bei halisi. Kuna wanaoomba iandikwe zawadi au bei ipunguzwe. Usimtie fundi wa watu kwenye uongo. Uwe na TIN yako (namba ya mlipakodi) na risiti ya malipo.

Kama ndugu anakuletea, kisu kikae kwenye boksi la dukani, na risiti, ndani ya begi linaloenda chini ya ndege, siyo la mkononi. Na akiwa bado Japani asikifungue njiani: huko kutembea na kisu chenye bapa linalozidi sentimita 6 bila sababu ya msingi ni kosa.

Kikifika

Kiinue kwenye mwanga, tazama ukingo kutoka kwenye mpini hadi kwenye ncha kama umenyooka. Ukiona umemeguka, piga picha siku hiyohiyo umtumie. Kisha kifanyie kazi. Osha kwa mkono, futa, kausha, kila mara, hata kati ya nyanya na kitunguu. Kama kitakaa bila kazi, kipake mafuta kidogo. Ya kupikia hugeuka gundi. Nenda famasi uombe parafini ya maji ile ya kunywa, na usiseme "parafini" peke yake kwa duka la mtaani, utapewa mafuta ya taa.

Baada ya muda kaboni itabadilika rangi, kijivu na buluu. Hiyo iache, inakilinda. Ile nyekundu ndiyo kutu: isugue na soda ya kuokea na kitambaa chenye maji kabla haijachimba.